Petroli, gesi au umeme? Dar inabishania injini, shida iko kwenye foleni ya kujaza

- Kwa kilomita 100 za mjini, gesi inaweza kupunguza gharama ya petroli kwa zaidi ya nusu. Umeme unapunguza zaidi.
- Kufaidika au kutofaidika kunategemea unaishi wapi, unatembea umbali gani kwa siku na gari lako lina injini ipi.

Dar es Salaam. Ukikaa na wapenzi wa magari, iwe gereji ya Temeke au kijiwe cha Kinondoni, ubishi ni uleule. Mmoja atakuambia gari bila mlio wa injini ni friji lenye matairi. Mwingine atakuambia wese limeshamchosha, anafunga gesi mwezi huu. Wa tatu ameshaanza kuulizia bei ya Nissan Leaf kutoka Japani.

Wote wana hoja. Ila ukipiga hesabu vizuri, jibu haliko kwenye injini peke yake.

Hesabu ya kilomita 100

Chukua gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita katika foleni za Dar. Kwa bei ya Sh3,000 kwa lita, kilomita 100 zinakula Sh25,000 hivi. Bei hiyo ni ya wastani tu, maana Agosti 2022 lita ilifika Sh3,410 jijini.

Gari hilohilo likifungwa mfumo wa gesi asilia linaweza kwenda kilomita 16 kwa kilo. Kwa Sh1,550 kwa kilo, safari ileile inagharimu kama Sh9,700.

Gari la umeme linalokwenda kilomita sita kwa uniti litahitaji karibu uniti 17. Kwa bei ya LUKU ya Sh356 hivi kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama Sh6,000.

Kwenye karatasi, petroli imeshashindwa.

Kwa nini gesi imetangulia

Gesi inamruhusu mtu kubaki na gari lake. Anafungiwa mtungi kwenye buti na mfumo wa kupeleka gesi kwenye injini, na petroli inabaki kama akiba. Gari linawaka kwa petroli, likipata moto linahamia kwenye gesi. Nguvu inapungua kidogo na nafasi ya mizigo inaliwa, lakini fundi wa mtaani bado analijua gari hilo.

Tukichukua gharama ya kufunga kuwa Sh2 milioni, dereva wa teksi ya mtandaoni anayetembea kilomita 120 kwa siku anaokoa kama Sh18,000 kila siku. Fedha yake inarudi ndani ya miezi minne. Mwenye gari la kwenda kazini na kurudi, kilomita 30 kwa siku, atasubiri zaidi ya mwaka.

Na gesi ni ya nyumbani. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na imekuwa ikitumika Dar tangu 2004, kwanza kwa kuzalisha umeme na viwandani.

Foleni inakula faida

Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Mtungi wa kilo 10 unampeleka dereva kilomita 160 hivi, kwa hiyo mtu wa teksi anajaza karibu kila siku. Akikaa saa mbili kwenye foleni, na saa hizo mbili zingemwingizia Sh18,000, faida yote ya siku imeishia pale.

Kufungua kituo cha gesi si sawa na kufungua sheli. Sheli inahitaji matangi chini ya ardhi na lori la mafuta. Kituo cha gesi kinahitaji bomba karibu, au malori ya kuleta gesi kutoka kituo mama, pamoja na mitambo ya kuishindilia hadi mgandamizo wa takriban bar 200. Ndiyo maana huduma ilianza kujikusanya maeneo kama Ubungo na Tazara, na baadaye TPDC ikajenga kituo mama Barabara ya Sam Nujoma.

Mtu wa Chamazi au Bunju anachoma muda na mafuta kabla hata hajafika kwenye foleni. Bomba lenyewe limefika hadi kiwanda cha saruji Wazo Hill, huko huko Kinondoni. Gesi inapita jirani na watu wanaoifuata mbali.

Abiria wa daladala yuko wapi?

Mfumo huu unafungwa kirahisi kwenye injini za petroli: magari madogo na bajaji. Coaster nyingi za daladala ni za dizeli, na kuzibadilisha ni kazi kubwa na ghali zaidi. Maana yake, nafuu inamfikia kwanza mwenye gari, si anayening'inia mlangoni saa 12 asubuhi. Abiria anaguswa pale mabasi mapya yanaponunuliwa, kama ya mwendokasi ya njia ya Mbagala yaliyoletwa mwaka 2025 yakiwa ya gesi.

Umeme nao una masharti

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeondoa hoja kwamba nchi haina umeme wa kutosha kuchaji magari. Foleni za Dar pia zinalipendelea gari la umeme: likisimama halichomi kitu, na likifunga breki linarudisha chaji kidogo.

Shida ni pa kuchajia. Nyumba nyingi za kupanga zina wapangaji kadhaa kwenye mita moja ya LUKU. Nani atakubali gari la jirani lichote uniti 17 usiku? Anayelipa bei ya chini ya Sh100 kwa uniti naye ataipoteza akivuka uniti 75 kwa mwezi.

Betri ni suala jingine. Leaf za mwanzo hazikuwekewa mfumo wa maji wa kupoza betri, na joto linazichosha haraka. Kununua moja bila kupima afya ya betri ni sawa na kununua injini bila kuiwasha.

Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya mafuta mwaka 2024. Lakini Ethiopia haina gesi inayofika mjini kwa bomba. Tanzania inayo, na hiyo ndiyo tofauti.

Sera nayo ihesabiwe

Juni 2024 Serikali ilipendekeza tozo ya Sh382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, pendekezo lililozua malalamiko. Kwa gari la mfano wetu, hiyo ingeongeza karibu Sh2,400 kwa kila kilomita 100. Gesi bado ingekuwa nafuu, lakini aliyekopa ili afunge mtungi angelipa deni kwa muda mrefu zaidi.

Kabla ya kutoa fedha, maswali ni matatu: unatembea kilomita ngapi kwa siku, kituo cha karibu kiko wapi, na foleni yake ikoje saa unayoweza kwenda? Kwa umeme ongeza la nne: mita ni ya nani?