Kiswahili Kimeishia Mlangoni

Ndugu Walimu,

Katika mkutano wetu wa mwisho nilisimama nikapendekeza kwamba chama chetu kijihusishe na michezo ya video. Wenzangu wakacheka. Mmoja, ambaye namheshimu kwa elimu yake na kwa umri wake, akasema kwamba Kiswahili ni lugha ya fasihi na ya adabu, na kwamba si kazi ya mwalimu kukimbizana na vinyago vya umeme. Mwenyekiti akapita kwenye ajenda nyingine. Kwa kuwa sikupata nafasi ya kujibu siku ile, naomba kujibu katika ukurasa huu.

Kwanza sina budi kukiri kwamba mimi si shahidi asiye na upande. Naipenda michezo hiyo tangu ujana wangu. Hata leo, nikishamaliza kusahihisha madaftari, hukaa mbele ya runinga nikashika kile kidude chenye vitufe, nikacheza hadi mke wangu anikumbushe kwamba kesho kuna vipindi. Wapo kati yetu wanaocheza karata, na wapo wanaocheza bao hadi magharibi, wala hakuna awaulizaye. Basi na mimi nisiulizwe.

Jumamosi moja nilikwenda kwenye maonyesho ya michezo ya video yaliyofanyika katika ukumbi mmoja wa hapa Kigali. Nilifuatana na wanafunzi wangu wanne kutoka Nyamirambo, na sharti langu kwao lilikuwa moja tu: siku hiyo tuongee Kiswahili. Mlangoni tulikuta ubao mkubwa uliowakaribisha wageni kwa lugha zote nne rasmi za nchi hii. Neno letu, Karibuni, lilikuwa la mwisho, chini kabisa, lakini lilikuwapo, na wanafunzi wangu walinionyesha kwa furaha. Tukaingia. Tangu hapo hadi saa nane mchana sikuona neno jingine la Kiswahili lililoandikwa mahali popote ukumbini. Vioo vyote vilisema Kiingereza, vichache Kifaransa. Vijana waliokuwa wakicheza walishangilia kwa Kinyarwanda, wakasoma maagizo kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kimekaribisha watu, kisha kikabaki nje kama bawabu.

Nataka niwasimulie mambo mawili niliyoyaona humo, maana ndiyo yaliyonifanya nisimame mkutanoni.

La kwanza. Wanafunzi wangu walipata nafasi kwenye mchezo mmoja wa kuruka majabali na mashimo. Kijana mmoja akacheza, watatu wakamwelekeza. Muhula mzima nilikuwa nimefundisha hali ya masharti. Niliandika ubaoni mifano ile ile ya siku zote, ya mtu ambaye angekuwa tajiri angejenga nyumba. Wanafunzi waliikariri, wakaijibu katika mtihani, wakaisahau. Sasa yule kijana alipoanguka shimoni kwa mara ya tatu, mwenzake alimkaripia: “Ungesubiri kidogo, usingekufa!” Naye akajibu bila kugeuza kichwa: “Na wewe ungenyamaza, ningeruka vizuri!” Nilisimama nyuma yao nimeduwaa. Kwa nusu saa walitumia hali ya masharti, hali ya kuamuru na vielezi vya mahali zaidi ya walivyovitumia darasani kwangu kwa miezi mitatu. Hakuna aliyewaambia kwamba wanajifunza sarufi. Walikuwa na haja ya kusema, na haja hiyo ikawatafutia maneno.

La pili. Penye meza ya pembeni palikuwa na mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, uliotolewa Aprili 2024. Mtunzi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliubuni kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Visa na ulimwengu wa mchezo huo vimechotwa katika ngano za Kibantu. Ndugu zangu, mchezo huo una sauti kamili za Kiswahili! Mchezaji akitaka, wahusika huzungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini pale mezani Zau alikuwa akizungumza Kiingereza. Nikamwomba kijana aliyesimamia meza abadili lugha. Akanitazama kwa mshangao: “Kumbe kipo?” Tukaingia pamoja penye mipangilio, tukachagua. Wanafunzi wangu waliposikia Kiswahili kikitoka ndani ya kile chombo walinyamaza kimya. Kisha mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, hawa ni watu wa wapi?”

Kiswahili kilikuwamo asubuhi yote, wala hakuna aliyekifungulia. Simlaumu yule kijana, kwani nani alikuwa amemwambia? Chama cha walimu wa Kiswahili kilikuwa na miezi mingi ya kuwaambia vijana wa mji huu kwamba kuna mchezo wa namna hiyo. Hatukusema neno.

Sasa nizijibu hoja za wenzangu moja baada ya nyingine.

Yasemwa kwamba michezo hii haina uhusiano na Kiswahili. La hasha. Kiswahili kimo katika michezo ya video kwa zaidi ya miaka ishirini, na kimeingia bila sisi. Mwaka 2005 ulitoka mchezo wa Kimarekani, Civilization IV. Mbunifu wake mkuu, Soren Johnson, alimwomba mtunzi wa muziki aliyesoma naye chuoni, Christopher Tin, atunge wimbo wa kufungulia. Tin alichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akaiita Baba Yetu, nayo ikaimbwa na kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungiwa mchezo wa video. Leo kwaya za nchi mbalimbali huuimba, na waimbaji wengi hawana neno jingine la Kiswahili wanalolijua. Niambieni, ni wangapi kati yetu tuliowahi kuutaja darasani?

Huo ni upande wa heshima. Upo na wa aibu. Mwaka 2009 kampuni ya Kijapani ya Capcom ilitoa Resident Evil 5. Kisa chake kiko katika mahali pa kubuni paitwapo Kijuju, Afrika ya Magharibi. Wakazi wameambukizwa na kugeuka kuwa viumbe wa kutisha waitwao Majini, na viumbe hao, huko huko Magharibi, hupiga mayowe kwa Kiswahili! Mamilioni ya vijana duniani walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kikiwa sauti ya kitu cha kupigwa risasi. Mwenzangu aliyesema kwamba Kiswahili ni lugha ya adabu, je, aliandika barua? Mimi pia sikuandika. Niliucheza mchezo huo hadi mwisho, nikakasirika peke yangu sebuleni. Mahali ambapo wenye lugha hawapo, wengine huitumia wapendavyo.

Yasemwa pia kwamba michezo huharibu watoto. Hoja hii siipuuzi. Ipo michezo ya damu isiyomfaa mtoto, na wapo watoto wanaolala saa tisa za usiku kwa sababu ya vitufe. Lakini wale wa Biryogo na Nyamirambo wanaolipa faranga chache ili wacheze mpira wa kwenye runinga watacheza tu, tukitaka tusitake. Mwalimu aliyejitenga hawezi kumshauri mtoto acheze upi na auache upi, maana hata majina ya michezo hayajui.

Yasemwa mwisho kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Hoja hii inanishangaza kuliko zote kwa kuwa imetoka kwa walimu. Tazameni bao. Mchezaji wa bao ana kete na mashimo; ana nyumba, kichwa na kimbi; huanza kwa namua, akafika mtaji, na asipoweza kula hutakata. Msamiati huo ulitungwa na wachezaji wenyewe, vibarazani, wala hapakuwa na kamati ya istilahi. Bao hilo lina mashimo 32 na kete 64, na igisoro yetu ya hapa Rwanda ina hesabu hiyo hiyo. Mholanzi Alex de Voogt aliona humo elimu ya kutosha kuandikia tasnifu ya udaktari kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, aliyoitoa Leiden mwaka 1995. Tazameni tena kompyuta. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili tupu. Waliambiwa vilevile kwamba maneno hayapo. Walikaa, wakayapata.

Nadhani mzizi wa kicheko cha siku ile uko mbali zaidi, na hapa naomba radhi kwa atakayeumia. Sisi walimu wa Kiswahili wa Rwanda tumesahau lugha hii ilivyofika. Kiswahili hakikuja Kigali kwa mtaala. Kilikuja na misafara ya biashara na askari wa Wajerumani. Kikakua pamoja na mji ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907. Kikalelewa sokoni, msikitini, karakana za magari na viwanja vya mpira vya Nyamirambo. Kwa miaka mingi kilidharauliwa kwa sababu hiyo hiyo. Neno Umuswahili katika Kinyarwanda lilipata kumaanisha Mwislamu wa mjini, na vinywani mwa wengine, mtu mjanja asiyeaminika. Lugha ilikuwa hai mno, nayo ilionekana ya watu wa chini mno. Februari 2017 Bunge likapitisha iwe lugha rasmi, na Julai 2025 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaja kuadhimisha Siku ya Kiswahili papa hapa Kigali. Tulistahili kufurahi. Lakini nachelea kwamba tumeipokea heshima hiyo kwa kujitenga na mitaa iliyotulindia lugha. Dharau ile iliyopigwa Nyamirambo jana, leo tunaipiga sisi kwa watoto wanaocheza.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2016 unamtaka mwanafunzi atende na atumie, asikariri tu. Twausifu kila semina, kisha twarudi kwenye mfano wa tajiri na nyumba yake.

Basi narudia pendekezo langu, safari hii kwa maandishi ili lisizimwe kwa kicheko.

Kwanza, kila mwalimu mwenye nafasi ajaribu kipindi kimoja kwa muhula ambamo mwanafunzi mmoja anacheza na wengine wanamsimulia na kumwelekeza kwa Kiswahili. Asiye na runinga atumie igisoro. Kazi ni ile ile.

Pili, tukusanye maneno ambayo vijana wenyewe wanayatumia wanapocheza, tuyaandike, kisha ndipo tukae kuyasanifu. Tusianze ofisini.

Tatu, tuwaandikie watengenezaji wa michezo wa eneo letu. Mwaka 2022 kampuni kadhaa za Afrika ziliungana katika Pan Africa Gaming Group, zikiwamo DopeApps ya hapa Rwanda, Usiku Games ya Kenya na Khanga Rue ya Tanzania. Tuwaambie kwamba kuna walimu walio tayari kutafsiri na kusahihisha, na kuna shule zenye masikio. Msisahau kwamba kampuni iliyotengeneza Zau ilipunguza wafanyakazi mwaka ule ule wa 2024. Kuweka sauti za Kiswahili ni gharama, na asiyeulizwa na mtu hatazigharimia mara ya pili.

Najua fedha zetu ni haba. Hata hivyo, katika haya matatu, mawili hayahitaji hata faranga moja.

Tarehe 7 Julai ijayo tutakutana tena kwa hotuba, ngonjera na ngoma. Naomba nipewe meza moja tu, pembeni, na waya wa umeme. Nitakuja na runinga yangu na wanafunzi wangu wanne. Yule ndugu yangu niliyemheshimu mwanzoni namwalika akae mbele, ashike kile kidude, na vijana watamwelekeza. Naahidi kwamba akianguka shimoni atasahihishwa kwa Kiswahili fasaha.

Mwalimu wa Nyamirambo,
Kigali