Lakiri ya kielektroniki haijui mikungu ya ndizi

Mengi huelezwa kuhusu teknolojia ya forodha bandarini, ila huku mwisho wa barabara, mpakani, kuna sura nyingine. Tangu kituo cha pamoja cha Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, kifunguliwe 2016, lori la Kigali linakaguliwa upande mmoja tu wa mto, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa jengo moja. Likipita Lusahunga, Biharamulo, lakiri ya kielektroniki inaonyesha lilipo. Hapo sina ubishi, ni nafuu kubwa.

Lakini mtandao ukikatika foleni inarudi palepale, dereva analala kwenye kebini, utingo anahangaika na ndoo kutafuta maji ya kuoga. 

Ninayemwazia zaidi ni mama wa Ngara, wilaya ya mpakani, anayevusha mikungu yake ya ndizi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Nani amemwelekeza? Kabla ya kuongeza skana nyingine, awekwe karani pale getini anayejua Kihangaza, lugha ya mama huyo, amjazie fomu bila kumwomba ya soda.