Orodha ya Vyakula na Lugha ya Mlaji

Neno gastropabu halina umri mkubwa. Lilizuka jijini London mwaka 1991, pale baa iitwayo The Eagle, mtaani Clerkenwell, ilipoanza kuwapa wanywaji wa kawaida chakula kizuri kwa bei nafuu. Orodha ya vyakula iliandikwa kwa chaki ubaoni, juu ya kaunta, kwa lugha ya wanywaji wenyewe. Jambo hilo si dogo. Kwa miaka mingi hoteli za kifahari za Uingereza ziliandika orodha zao kwa Kifaransa, na Mwingereza asiyekijua alitokwa na jasho kabla hajala.

Nayataja haya kwa kuwa gastropabu imefika kwetu Kisumu. Mwezi uliopita niliingia humo pamoja na shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Chakula chenyewe sina la kukikosoa. Ngege aliletwa mzima, amekaangwa kisha akatokoswa kidogo katika nyanya na vitunguu, na ugali wa mtama ulikuwa mgumu inavyotakiwa.

Kilichonikera ni orodha. Ilikuwa na kurasa sita, zote kwa Kiingereza, tena si kile cha darasani bali cha mapambo, ambacho hukibebesha chakula sifa tatu kabla ya kukitaja. Ngege alipewa jina ambalo lingemfaa samaki wa ziwa lolote duniani. Omena, ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene, alifichwa nyuma ya maneno manne. Shangazi, aliyewafundisha watoto kusoma kwa zaidi ya miaka thelathini, aliifunga orodha hiyo akamwuliza mhudumu, "Mwanangu, leo mmepika nini?" Kijana akajibu kwa Kiingereza. Akaulizwa tena, akajibu vivyo hivyo, huku akimtupia jicho mtu aliyesimama kaunta. Nilipokwenda kunawa mikono alininong'oneza kwa Kiswahili safi: "Samahani, mwalimu, tumekatazwa."

Tumekatazwa! Wengi wa rika langu wanakijua kibao alichovishwa shingoni mtoto aliyenaswa shuleni akisema lugha ya nyumbani. Kumbe kibao hicho sasa kinavaliwa pamoja na aproni.

Najua kwamba Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, kinachokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, hakimlazimishi mwenye baa kuandika chochote. Hakuvunja sheria. Lakini huyo kijana amesomeshwa Kiswahili tangu utotoni, akatahiniwa, akatuzwa alama. Na siku ya kwanza ya kazi anaambiwa akiache mlangoni. Basi sisi tunaofundisha tutamjibu nini mwanafunzi anayeuliza insha zetu zitamfaa wapi?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya hoteli za kisasa. La hasha! Meza tuliitoa kwa Wareno, sahani na kahawa kwa Waarabu, chapati kwa Wahindi. Hoteli yenyewe tuliitwaa kwa Waingereza, nasi Wakenya tukaipa maana yetu ya mahali pa kula, hata kama hapana kitanda. Baa nayo ilikuja ikakuta baa nyingine ya kale, yaani janga (anayelipa bili ndiye ajuaye kama yana undugu). Lugha iliyoweza yote hayo haishindwi na samaki wa kukaanga.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi zoezi hili: waandike orodha ya vyakula vya hoteli moja ya mjini kwao, kwa majina yanayotumika jikoni. Watagombana, na ugomvi huo una faida. Mboga moja itaitwa osuga na Mjaluo, managu na muuzaji wa Nairobi, mnavu na mtu wa Pwani, na hapo darasa zima litakuwa limeingia katika isimu bila kulazimishwa.

Nami nimemwandikia mwenye gastropabu orodha yake kwa Kiswahili, na Kidholuo pale kinapohitajika, bila malipo. Sifa za mapambo zilipoondolewa, kurasa zile sita zilibaki moja. Inaenea ubaoni, kwa chaki.