Fedha Zilizolipwa kwa Makosa Zirudishwe

Mpangaji akihama kabla ya muda wake kwisha, hutokea wakala wa nyumba akamrudishia kodi ya miezi iliyosalia mara mbili. Wako wanaoona hiyo ni bahati, hasa ikiwa wakala huyo aliwasumbua siku za nyuma. Hivyo sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyelipwa fedha kwa makosa azirejeshe. Tena huenda fedha hizo si za wakala, bali ni za mwenye nyumba, au za mpangaji mwingine anayesubiri haki yake.

Hata hivyo, haraka nayo ina hatari. Matapeli hupiga simu wakitaka fedha zitumwe kwenye namba ngeni. Kwanza hakikisha fedha zimeingia kweli. Usizitumie. Mwandikie wakala, uzirudishe kwa njia ile ile zilizojia, kupitia benki au kampuni ya simu, kisha udai stakabadhi. Kama unamdai, lidai deni lako waziwazi. Usijilipe kimya kimya.

Mawakala nao waweke vitabu vyao sawasawa, na wasimwite mwizi mpangaji aliyetoa taarifa mwenyewe. Muungwana ni vitendo.