Shanwe Nayo Yataka Bustani

Tunawajua watakaocheka. Watasema: Shanwe na bustani wapi na wapi? Watu wanataka maji, wanataka zahanati yenye dawa, wanataka barabara isiyogeuka matope kila masika, na ninyi wa gazeti mmeketi mnaandika habari za maua! Tunawaomba ndugu hao wavumilie kidogo, wasome mpaka mwisho, kisha wacheke wakipenda.

Neno bustani kwetu lina maana mbili. Ya kwanza ni matuta ya mchicha, nyanya na bamia nyuma ya nyumba, na hiyo ni bustani ya heshima wala hatuna neno nayo. Ya pili tuliletewa na wakoloni. Ilikaa mbele ya boma na mbele ya nyumba ya Bwana Shauri: majani yamekatwa mafupi kama nywele za askari, mawe yamepakwa chokaa kando ya njia, na waridi lanyweshwa maji kila jioni hata wakati wa kiangazi kikali. Mwafrika aliingia humo na ndoo au na panga, hakuingia kukaa. Basi si ajabu kwamba hata baada ya Uhuru wengi wetu tuliendelea kuona bustani ya kupumzikia kuwa ni kitu cha wakubwa, na tukaona ardhi ya mji isiyo na nyumba kuwa ni ardhi iliyosahauliwa, ya kukatwa viwanja upesi kabla mwingine hajaikata.

Sisi twasema iko bustani ya namna ya tatu, na ili tuionyeshe hatuna budi kwenda mbali, mpaka Uchina. Hatuendi huko kwa kupenda mambo ya ugeni. Watu wale twawajua. Walikuja wakajenga pamoja nasi reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, tangu mwaka 1970 mpaka 1975, na baadhi yao wamezikwa katika ardhi yetu. Lakini tuliwajua kwa sululu na nyundo. Wachache kati yetu wamepata kusikia kwamba watu hao ni miongoni mwa mafundi wa bustani wa kale kabisa duniani.

Uko mji uitwao Suzhou, si mbali na Shanghai. Bustani 9 za mji huo zimeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, 4 mwaka 1997 na nyingine 5 mwaka 2000. Mgeni afikapo kwanza haoni kitu. Aona ukuta mweupe na mlango wa kawaida. Akiingia, bado haoni: mbele yake pana rundo la mawe au ukuta mwingine umemkinga macho. Hayo ni makusudi. Mchina hataki bustani ionekane yote kwa mara moja kama shamba la mkonge. Njia inapinda, daraja juu ya maji linakwenda kwa pembepembe, dirisha lenye nakshi lakuonyesha mwanzi mmoja na jiwe moja tu, na ukipiga hatua kumi picha imekwisha badilika. Bustani iitwayo Wangshi, maana yake Bwana wa Nyavu, ndiyo kusema mvuvi, ukubwa wake ni kama nusu hekta, yaani haifikii kiwanja cha mpira. Hata hivyo mtu aweza kutembea humo asubuhi nzima akidhani ina eneo la kijiji.

Vitu vinavyotumika ni vinne: mawe, maji, miti na majengo. Kwa lugha yao mandhari ya nchi huitwa shanshui, yaani milima na maji. (Shan ni mlima. Wala asitokee mtu kesho akatuambia jina la Shanwe limetoka huko!) Mlima na ziwa haviwezi kuingia uani mwa mtu, basi jiwe husimama mahali pa mlima na kidimbwi mahali pa ziwa. Mawe yanayopendwa zaidi hutoka Ziwa Tai, mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji mpaka yakawa na matundu kama mfupa mkavu. Katika bustani ya Liu limo jiwe moja lenye urefu wa mita 6 na nusu, nalo limesimamishwa peke yake kama mzee wa ukoo. Mzungu angesimamisha hapo sanamu ya jemadari juu ya farasi. Mchina kasimamisha jiwe, na watu wanakwenda kulitazama kwa mamia ya miaka. Sisi twaona kwa jambo hili Mchina kamshinda Mzungu.

Miti nayo haipandwi kwa mstari. Msonobari, mwanzi na mplamu huitwa marafiki watatu wa majira ya baridi, kwa kuwa wawili wa kwanza hawapukutiki na wa tatu hutoa maua kungali baridi. Katika maji hupandwa yungiyungi, ambalo maua yake hutazamwa na mizizi yake huliwa. Wale wanaosema bustani haijazi tumbo wakumbuke hilo.

Lakini somo kubwa kwetu liko katika kitabu cha fundi mmoja, jina lake Ji Cheng. Alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mjenzi wa bustani, na kitabu chake, Yuanye, alikimaliza mwaka 1631. Kwao kilipotea machoni pa watu kwa muda mrefu, nakala zikabaki Ujapani, na Wachina wakakichapa tena katika miaka ya 1930. Humo alifundisha mambo mawili ambayo hayahitaji fedha za mfadhili. La kwanza, ifuate ardhi ilivyo: penye bonde chimba kidimbwi, penye kinundu kiinue kiwe kilima, na mti mkubwa uliokwisha ota usiukate, ujenge kwa kuupisha. La pili ni kuazima. Kilicho nje ya bustani kiazime kwa macho. Katika Bustani ya Zhuozheng, hapo hapo Suzhou, ukisimama upande mmoja wa maji waona mnara wa hekalu umechomoza juu ya miti kana kwamba umo ndani, kumbe uko mbali nje ya ukuta. Mwenye bustani hakununua hata tofali moja la mnara huo. Aliacha nafasi tu ili uonekane.

Hatusemi kwamba bustani hizo zilikuwa za kabwela. La! Zilikuwa za mabwanyenye, za maofisa waliostaafu na wafanyabiashara wa hariri na chumvi. Hiyo Zhuozheng ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 na ofisa Wang Xianchen, aliyechoshwa na fitina za serikali ya mfalme. Aliipa jina la kujidhili, kama kusema kulima mboga ndiyo siasa pekee ya mtu asiyejua siasa. Mboga gani zinazotaka hekta kadhaa na mabaraza ya nakshi? Husimuliwa kwamba mwanawe aliipoteza yote katika kamari. Na miaka 400 kabla yake alikuwako Mfalme Huizong, mpenda mawe. Tangu mwaka 1117 alijenga bustani ya mlima katika mji mkuu wake wa Kaifeng, na majahazi yalisomba mawe na miti kutoka kusini. Jiwe zuri likionekana uani mwa mtu lilichukuliwa, na madaraja yalibomolewa ili majahazi yapite. Watu wakachoka, na mwaka 1120 wakaasi wakiongozwa na Fang La. Uasi ukazimwa kwa damu. Miaka michache baadaye adui wa kaskazini waliuzingira mji, na wenyeji wakaikata miti ya mfalme kuwa kuni na kuyavunja mawe yake yawe ya kutupwa kwa mitambo ya vita. Mfalme mwenyewe alikufa mateka mwaka 1135.

Kisha wakaja mabeberu. Nje ya Beijing ilikuwako bustani kubwa mno, Yuanmingyuan, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1700 na kupanuliwa na wafalme watatu mfululizo mpaka ikafika hekta kama 350. Mwezi wa Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliingia humo yakapora vyombo, hariri na vitabu. Tarehe 18 Bwana Elgin wa Uingereza akaamuru ichomwe moto, kulipiza kisasi cha wajumbe wao waliokamatwa na baadhi yao kufa kizuizini. Ikaungua kwa siku kadhaa. Kijibwa kilichookotwa humo kilipelekwa kwa Malkia Victoria, na huko kikaitwa Looty, jina ambalo ni sawa na sisi tumwite mbwa Nyara. Hawakuona haya! Mwaka 2009 vichwa viwili vya shaba vya bustani hiyo, cha panya na cha sungura, vilinadiwa mjini Paris kwa mamilioni ya fedha. Wachina walipiga kelele, na mwaka 2013 vikarudishwa kwao.

Msomaji wa Unguja hatashangaa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja, na sehemu zilizovunjika zikabomolewa pakafanywa bustani. Kule Beijing bustani iligeuzwa majivu, kwetu kifusi kikageuzwa bustani. Na kama tunasema kweli, masultani nao walijua raha ya bustani, na raha hiyo iliegemea jasho la watumwa. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza jinsi ua wa jumba lao ulivyokuwa na tausi na paa wakitembea. Maruhubi, alipojenga Sayyid Barghash miaka ya 1880, palizungukwa na miembe. Jumba liliungua mwaka 1899.

Twaeleza yote haya kwa sababu moja. Bustani si kitu cha mabwana kwa asili yake. Ni kitu walichojichukulia mabwana. Zhuozheng ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1952, na tangu hapo wafanyakazi na watoto wa shule wamekuwa wakipita pale alipokuwa akipita tajiri mmoja na wageni wake. Kweli hutozwa kiingilio, na hilo sisi hatulipendi sana, lakini mlango uko wazi.

Liko jambo jingine linalotugusa sisi wa magharibi kuliko Mtanzania ye yote. Katika majumba ya bustani zile mna viti na meza za mbao nyekundu, nzito. Mbao iliyopendwa na wafalme waliiita zitan, na mti wake, utokao India ya kusini, ni wa ukoo mmoja na mninga wetu. Ulipoadimika, wafanyabiashara walitafuta ndugu zake, wakafika mpaka Zambia, Kongo na kwetu. Mkurungu umekatwa kwa fujo ili kulisha soko la samani za namna hiyo, hata mwaka 2019 mataifa ya mkataba wa CITES yakakubaliana kwamba usivushwe mpaka pasipo kibali. Hatumlaumu seremala wa Uchina. Tunauliza ni nani hapa aliyeuelekeza msumeno. Na tunauliza tena: katika mji wetu ni wapi ambapo mtoto wa shule aweza kuonyeshwa mkurungu uliosimama, akaambiwa huu ndio?

Basi tunayotaka Shanwe ni haya. Kabla viwanja havijaisha kupimwa, Kata na Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda zitenge eneo moja, hata la nusu hekta, liandikwe kwenye ramani kuwa la wananchi, lisigeuzwe gereji wala baa. Zisitafute penye tambarare. Penye mawe na mteremko ndipo pazuri, tena mara nyingi ndipo wajenzi hawapapendi. Mawe yaachwe yalipo. Tusinunue simba wa saruji, wala mnara wa Kichina wa mabati. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeiga nguo tukaacha akili. Kidimbwi kikusanye maji ya mvua, kisitegemee bomba, maana kiangazi chetu ni kirefu na maji ya bomba ni ya kunywa. Miti iwe ya miombo yetu: mninga, mkurungu, mbula, mkusu wa kuliwa, na mkwaju. Njia ipinde, na mahali pamoja pasipandwe mti mrefu, ili mtu aketipo aazime vilima na anga la jioni.

Mkwaju tumeutaja kwa makusudi. Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1974, uko mkwaju ambao Wabende husema ndimo akaamo Katabi, mzimu aliyeipa nchi hii jina, na watu hupeleka sadaka chini yake. Mtu aweza kuamini au asiamini, lakini mti haukukatwa. Wazee wetu nao walijua kuuweka mti mmoja na mahali pamoja kuwa pa kutazamwa, bila shoka. Na mikutano ya kudai Uhuru nchi nzima, mingapi ilifanyika chini ya miembe?

Kwa wale wa zahanati na barabara: nasi twazitaka, na tutaendelea kuzipigia kelele katika ukurasa huu. Lakini zahanati yaweza kujengwa mwakani hata kama haikujengwa mwaka huu. Ardhi ya wazi ikishauzwa kipande kipande na kuezekwa, mwenyekiti gani atavunja nyumba za watu ili apande mkwaju?

Kazi ya kuanzia haihitaji fedha nyingi. Apatikane mpimaji wa siku moja, vigingi, na shule zioteshe miche sasa ili iwe tayari mvua za Novemba zitakaponyesha. Gazeti hili litachapa jina la kiwanja kitakachotengwa, na ukubwa wake, mara tu tutakapoletewa. Tunangoja.