Wauza Ujana na Tezi Waliyoisahau

Tangu Februari 2025, ilipoelekeza Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kwamba onyo la maradhi ya moyo liondolewe katika maelezo ya dawa za testosteroni, wafanyabiashara wa ujana wameishika nusu ya agizo hilo wakaitangaza kama fatwa; ama nusu ya pili, isemayo kwamba usalama na manufaa ya dawa hizo kwa mwanamume ambaye homoni yake imepungua kwa umri tu havijathibitishwa, hiyo hawaitaji hata kwa mnong'ono. Tabia hii ni ya hatari, na hatari yenyewe siyo ile ya moyo wanayoshangilia kuondoka kwake.

Wana hoja zao, naam. Utafiti wa TRAVERSE, uliotangazwa 2023, uliwafuatilia wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 wala haukuona mshtuko wa moyo au kiharusi kuzidi kwa waliopewa homoni. Tena hakuna akanushaye kwamba testosteroni hupungua kadiri umri unavyosonga. Tuwaachie hayo.

Tezi ya pituitari, isiyozidi punje ya mbaazi na iliyokaa chini ya ubongo, ndiyo iziamrishayo korodani na ovari kwa homoni mbili ambazo maabara huziandika LH na FSH. Korodani zikichoka, au hedhi ikikoma, tezi hii hainyamazi bali huzidisha amri, na ndiyo maana mwanamke wa miaka 65 aghalabu huwa na FSH iliyopanda sana. Basi mama huyo, ilhali hatumii homoni yoyote, akikutwa na FSH ya chini, au babu akiwa na testosteroni duni na LH nayo imelala, tabibu mwenye maarifa hamwambii, "Ni uzee, mzee wangu". Huuliza kulikoni mwamrishaji akae kimya. Huenda ni unene, huenda ni dawa nyingine, na huenda ni uvimbe katika pituitari yenyewe.

Uvimbe huo kwa kawaida si saratani, na wengi huishi nao hadi kufa bila kujua. Lakini aina ionekanayo zaidi kwa wazee ni ile isiyomwaga homoni ya kumshtua mtu, ikakua taratibu hata ikaibana mishipa ya macho ipitayo juu yake. Mgonjwa akawa haoni vya pembeni, kulia na kushoto, akajigonga bega mlangoni, na watu wa nyumbani wakasema macho yamezeeka.

Sasa mtu huyu adungwe testosteroni kabla ya kupimwa. Homoni ya nje ikishaingia damuni, hata pituitari iliyo nzima huacha kutoa LH. Atakayempima baadaye atakuta LH ya chini isiyomwambia lolote, kwa kuwa sindano na uvimbe huacha alama ile ile. Ushahidi umefutwa na muuza dawa mwenyewe! Na kama uvimbe ni ule utoao prolaktini, ambao mara nyingi hunywea kwa vidonge vya kabergolini pasipo kisu, mgonjwa amecheleweshewa tiba nyepesi kwa ajili ya nguvu za muda.

Ghururi hii ni kongwe. Mwaka 1889 Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, akiwa na miaka 72, aliwatangazia wanazuoni wa Paris kwamba amejidunga maji ya korodani za wanyama na nguvu zimemrudia. Angalau yeye alijijaribia mwenyewe.

Eti vipimo ni gharama! Gharama gani, na damu ni ile ile iliyokwisha chotwa asubuhi kwa kupima testosteroni? Amtozaye mtu sindano za mwaka mzima, akaona uzito kumwagizia LH, FSH na prolaktini, ni mchuuzi aliyevaa koti jeupe, na mamlaka za afya zingemtendea hivyo. Nawe msomaji unayeshawishiwa, dai vipimo hivyo vitatu kabla ya sindano ya kwanza, ukikataliwa, ondoka.