Gari la urithi: Kulitunza si kulifukia



Katika Luka 12:13 tunasoma habari za mtu aliyemwendea Yesu mbele ya umati, akamwomba amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao. Badala yake aliwaonya wote waliokuwapo wajihadhari na choyo. Leo tutafakari urithi wa aina moja ambao haugawanyiki, lakini unaweza kuwagawa ndugu: gari.

Huko Marekani, hasa tangu mwaka 1964 Pontiac ilipotoa GTO, watu wengi walipenda magari ya ukubwa wa kawaida yaliyofungwa injini zenye nguvu nyingi. Mengi yaliendeshwa mpaka yakachakaa. Machache yaliwekwa ndani, yakatembea kidogo sana. Buick GNX ya mwaka 1987, kwa mfano, zilitengenezwa 547 tu, zote nyeusi. Wapo walionunua wakazifungia, wakitarajia zitapanda bei.

Sasa tuseme ndugu wawili wameachiwa na baba yao gari kama hilo, lenye maili chache. Kaka mkubwa anasema: "Lisiguswe. Thamani yake ni kwamba liko vilevile lilivyotoka kiwandani." Mdogo wake anasema: "Gari ni la kuendeshwa. Tufunge turbo kubwa zaidi, tukate bodi tairi pana ziingie, tupige rangi mpya." Wewe ungewaamuaje?

Kaka mkubwa ana hoja. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa, hairudi. Bodi ikishakatwa na kuchomelewa, fundi hodari ataifanya ifanane na ya zamani, lakini haitakuwa ileile. Mithali 22:28 inatufundisha kuheshimu mipaka tuliyoikuta imewekwa na waliotutangulia. Si kila kilicho mikononi mwetu ni chetu kukibadili tupendavyo. Vingine tumepewa ili tuvipitishe kwa wajao.

Lakini kutunza ni kazi, na kufungia ni kitu kingine. Juni 1957, watu wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, walifukia gari jipya aina ya Plymouth Belvedere katika chumba cha zege chini ya ardhi, ili lifukuliwe baada ya miaka 50. Waliweka na petroli pembeni, wakidhani huenda kizazi hicho hakitakuwa nayo. Gari lingekuwa la mtu atakayekisia kwa ukaribu zaidi idadi ya watu wa Tulsa mwaka 2007, au warithi wake. Juni 2007 chumba kilipofunguliwa, ilionekana kwamba maji yalikuwa yameingia. Gari lilikuwa limeliwa na kutu. Naye mshindi alikuwa amefariki miaka mingi kabla.

Watu wale walikuwa na nia njema. Hata hivyo, tukisoma Mathayo 25:14-30 tunamwona mtumishi aliyefukia talanta ya bwana wake. Hakuiiba wala hakuitapanya, na bado alikemewa. Alimwogopa bwana wake, akaona usalama ni kutofanya lolote. Gari nalo likikaa bila kuwashwa huharibika taratibu: petroli hupoteza nguvu, mafuta ya breki hunyonya unyevu, mipira ya kuzuia oili isivuje hukauka, betri hufa, tairi hupasuka hata kama kashata zake bado ni nzima.

Hapo ndipo Kumbukumbu la Torati 22:8 inapotusaidia. Mungu aliwaagiza Waisraeli wanaojenga nyumba waweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Kwa hiyo, kubadilisha tairi zilizozeeka na mipira ya breki iliyochoka si kuharibu urithi. Ni kumpenda jirani anayevuka barabara. Zile tairi za kwanza zihifadhiwe stoo. Uhai wa mtoto wa mtu usiwekwe rehani kwa sababu ya kumbukumbu.

Basi, maoni yangu ni haya. Ndugu hao wasikate, wasitoboe, wasichomelee kitu ambacho hakiwezi kurudishwa. Wabadilishe kinacholinda uhai. Kama mdogo anataka kuongeza kitu, kiwe cha kufungwa na kufunguliwa kwa spana, na kifaa cha awali kiwekwe vizuri kikiwa na maandishi ya kukitambulisha. Kisha waliendeshe, wampakie mama yao, wawapakie wajukuu ambao hawakumwona babu. Maili zitaongezeka na bei huenda ikashuka. Sawa. Na wakiamua kuliuza, waliuze kwa amani, undugu wao ubaki.

Kila mmoja ajiulize: je, anayesema "lisiguswe" anamheshimu baba, au anahesabu fedha? Je, anayesema "tulibadilishe" anataka kulitumia, au anataka mtaa umtazame? Choyo huweza kujificha kwenye kutunza, na majivuno kwenye kubadilisha. Ndiyo maana Yesu alianza na moyo kabla ya mgawo.

Msomaji wangu, pengine huna gari la namna hiyo. Lakini una cherehani ya mama, shamba la babu, au sahani za kabatini zinazomngoja mgeni asiyefika. Wiki hii chagua kimoja. Kikague, kitengeneze panapohitajika, kisha kimtumikie mtu aliye hai. Na kama kuna ndugu mliyenuniana kwa sababu yake, mpigie simu leo baada ya ibada.

Mungu atupe hekima ya kujua cha kuhifadhi, na ujasiri wa kutumia alichotupa. Jumapili njema.